Mjadala: Jina la Everest libaki mlimani au liondoke?

Mchanga wa Pwani

Wakuu, naweka hoja mezani. Mwaka 1889 Hans Meyer alikipa kilele cha Kibo jina la mfalme wake, Kaiser-Wilhelm-Spitze. Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, kilele kikaitwa Uhuru, na hakuna mpanda mlima aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Mlima mrefu kuliko yote duniani, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, bado unaitwa kwa jina la George Everest, afisa wa mizinga wa Kampuni ya East India aliyegeuka mpima ardhi. Hakuupanda. Hakuupima. Alistaafu na kuondoka India mwaka 1843. Vipimo vya mlima vilichukuliwa 1849 na hesabu zikafanyika 1852. Watibeti wanauita Chomolungma, Wanepali wanauita Sagarmatha. Nasema jina liondoke, na vitabu vyetu vya jiografia vianze. Anayelitetea aje na hoja.

Timazi

Mkuu Mchanga, miaka uliyotaja ni sahihi. Lakini "afisa wa mizinga aliyegeuka mpima ardhi" umeisema kana kwamba ni mtu aliyegawiwa cheo akakae kivulini.

Everest alizaliwa 4 Julai 1790, mwana wa wakili William Tristram Everest. Greenwich na Wales zote zinadai ndiko alikozaliwa, tuziache zigombane. Alisoma chuo cha kijeshi cha Woolwich na mwaka 1806, akiwa bado kijana mdogo, akapelekwa kikosi cha mizinga cha Bengal. Wapima ardhi wengi wa zama zile walitoka mizinga au uhandisi wa jeshi, kwa sababu huko ndiko hesabu za pembe zilikofundishwa. Mwaka 1814 hadi 1816 alipima kisiwa cha Java, Waingereza walipokuwa wamekikalia. Akarudi Bengal, akapima njia ya vituo vya kupitishia ishara kutoka Calcutta hadi Benares, na mwaka 1818 akateuliwa msaidizi mkuu wa William Lambton, mwanajeshi mwenzake aliyekuwa ameanza kuipima India kwa pembetatu tangu 1802 pale Madras. Lambton alifia kazini Hinganghat, Januari 1823. Everest akarithi.

Alichorithi ni Tao Kuu: mlolongo wa pembetatu kutoka Rasi ya Comorin kusini mwa India hadi chini ya Himalaya, karibu na longitudo 78, kama kilomita 2,400. Kanuni yake ni nyepesi kuisema. Unapima mstari msingi mmoja chini, maili saba hivi. Kutoka ncha zake mbili unapima pembe hadi kituo cha tatu, unakokotoa pande, upande mpya unakuwa msingi wa pembetatu inayofuata, na unaendelea hivyo hadi mbali. Huko mbali unapima mstari msingi mwingine chini, kisha unalinganisha urefu ulioupima na ule uliokokotolewa kupitia pembetatu zote. Hapo ndipo mpima anapoumbuka au anapoheshimika.

Lambton alitumia mnyororo wa chuma wa futi 100. Chuma hutanuka kwa joto. Ukikosea joto la mnyororo kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, katika maili 7.5 unabeba kosa la inchi tano na nusu hivi, na chini ya jua la India kosa la nyuzi 1 ni jambo la dakika. Everest alipokwenda likizo ya ugonjwa Uingereza, 1825 hadi 1830, alirudi na fito za futi 10 za aina iliyobuniwa na Colby, mpima ardhi wa jeshi la Uingereza: ufito wa chuma na wa shaba nyeupe sambamba, vimefungwa katikati tu. Shaba hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo vidole vilivyo kwenye ncha huinama kidogo, na alama iliyo kwenye kidole inabaki palepale joto likipanda au kushuka. Kwa fito hizo alipima msingi wa Dehra Dun mwaka 1834 hadi 1835. Ulipolinganishwa na urefu uliokokotolewa kutoka msingi wa Sironj, zaidi ya maili 400 kusini, tofauti ilikuwa inchi 7 hivi.

Bila Tao hilo hakuna mtu angejua vituo vya chini ya Himalaya viko wapi hasa, na bila vituo hivyo hakuna urefu wa mlima wowote. Andrew Waugh, aliyemrithi Everest kazini, alipoupa mlima jina la bosi wake aliyestaafu, hakutoa zawadi hewani.

BintiKalamu

Kaka Timazi, umeeleza mnyororo na fito hadi vidole vyake, ukasahau watu. Msafara wa Everest miaka ya 1830 ulikuwa na tembo 4, farasi 30, ngamia 42 na vibarua wapatao 700 wa kutembea kwa miguu. Hao ndio waliofyeka misitu ili kituo kimoja kione kingine. Ukanda wa Ganges ni tambarare, hakuna kilima cha kusimamia, kwa hiyo ilijengwa minara ya mawe na matofali yenye urefu wa mita 15 hivi. Miti ya watu ilikatwa, na nyumba zilizoziba mstari zilibomolewa. Mchana vumbi na mawimbi ya joto hufanya alama icheze kwenye lenzi, basi wakapima usiku kwa kuwasha taa za buluu, na mtu wa kuwasha taa alikaa porini siku kadhaa akisubiri zamu. Malaria iliwaua wengi. Majina yao hayapo popote.

Wawili majina yao yapo. Wa kwanza ni Syed Mir Mohsin Hussain wa Arcot, fundi wa vyombo, ambaye Everest mwenyewe alimpandisha awe fundi mkuu wa ofisi baada ya fundi Mwingereza kuondoka. Wa pili ni Radhanath Sikdar, kijana wa Calcutta aliyezaliwa 1813, akaajiriwa 1831 kwa rupia 30 kwa mwezi awe mkokotoaji. Everest aliandika kwamba kwa hesabu wachache sana India, Mzungu au mwenyeji, wangeweza kushindana naye, na alipotaka kuhamia kazi nyingine alimng'ang'ania. Mwaka 1843 Sikdar alimzuia hakimu Mwingereza aliyekuwa akiwatumia vibarua wa upimaji kubeba mizigo yake bila malipo. Mahakama ikamtoza Sikdar faini ya rupia 200. Mwaka 1849 akawa mkokotoaji mkuu Calcutta. Sasa nauliza: kama mlima unapewa jina la mtu aliyeupata kwenye hesabu, mbona si Sikdar?

Mchanga wa Pwani

Dada umenisaidia. Na kuna la aibu zaidi. Kitabu cha mafunzo cha idara ya upimaji ya India, toleo la kwanza la 1851, kilisema wazi sura zipi zinatokana na Sikdar. Toleo la tatu, 1875, yeye ameshakufa miaka mitano, shukrani zile zikafutwa. Gazeti la Waingereza wenyewe huko India likauita wizi wa kumwibia marehemu. India ilimtolea stempu ya posta mwaka 2004. Stempu!

Timazi

Kufutwa kwa jina lake kitabuni hakuna wa kukutetea, ni uchafu. Lakini kuhusu mlima twende polepole, maana kuna visa viwili vinavyosimuliwa kila mahali na vyote vina matatizo.

Kisa cha kwanza: Sikdar anaingia mbio ofisini kwa Waugh na kusema amegundua mlima mrefu kuliko yote. Mwaka 1852 Sikdar alikuwa Calcutta na Waugh alikuwa Dehra Dun, zaidi ya kilomita 1,000. Mbio gani hizo? Hesabu zilipitia mikono mingi, za Calcutta na za Dehra Dun, ambako Michael Hennessy ndiye aliyekuwa akivipa vilele namba za Kirumi. Huu ulikuwa Kilele XV. Aliyekwenda uwandani ni James Nicolson. Ndiye aliyebeba teodolaiti (chombo cha kupimia pembe) kubwa ya inchi 24 na kuupima kutoka vituo sita kwenye tambarare, kwa kuwa Nepal iliwafungia mpaka. Vituo hivyo vilikuwa maili 108 hadi 119 kutoka mlimani. Malaria ikamwondoa kazini.

Kisa cha pili: wastani ulitoka futi 29,000 kamili, Waugh akaongeza 2 ili watu wasidhani ni makadirio. Tazama matokeo ya vituo sita baada ya masahihisho: Jirol 28,991.6, Mirzapur 29,005.3, Janjipati 29,001.8, Ladnia 28,998.6, Harpur 29,026.1, Minai 28,990.4. Jumlisha, gawa kwa sita. Unapata 29,002.3. Hakuna aliyeongeza kitu.

Na masahihisho ndiyo kazi yenyewe. Kwa umbali wa kilomita 174, mstari mlalo wa chombo unapofika mlimani uko mita 2,370 hivi juu ya usawa wa kituo, kwa sababu dunia imepinda chini yake. Hizo unaziongeza. Kisha hewa nayo inaupinda mwanga, kilele kinaonekana kimesimama juu kuliko kilivyo, na kwa umbali huo unapunguza zaidi ya futi 1,000. Ndiyo maana vipimo ghafi vya Nicolson vilitoa futi kama 30,200. Mgawo wa kupinda kwa mwanga ni 0.07 hivi ya pembe ambayo umbali huo unaifanya katikati ya dunia. Ukikosea kwa 0.01 tu, mlima unapanda au kushuka mita 47. Wao walitoa futi 29,002, yaani mita 8,840. Kosa la mita 9, bila kukanyaga Nepal. Sifa hiyo igawanywe kwa Nicolson, Hennessy, Waugh na Sikdar. Ukimpa mmoja peke yake unarudia kosa lilelile la kumpa Everest.

Mzee Kibuyu

Wanangu, mnajua hesabu. Mimi nauliza la nyumbani. Huyu bwana alikuwa na mke, watoto? Maana nimesoma mahali kwamba yule mwanasayansi wa akili bandia, Hinton, ni mjukuu wake.

BintiKalamu

Shikamoo Mzee. Si mjukuu wake.

Sir George alioa baada ya kustaafu, Novemba 1846, akiwa na miaka 56; mkewe Emma Wing alikuwa na 23. Wakapata watoto sita. Mmoja, Lancelot Feilding Everest, akawa mwanasheria na kuandika juu ya sheria. Baba alipewa cheo cha Sir mwaka 1861, akafa London 1 Desemba 1866, akazikwa Hove.

Ukoo unaozungumzwa mitandaoni ni wa mdogo wake, mchungaji Thomas Roupell Everest, mtu wa kanisa aliyeshikilia sana tiba ya homeopathia. Binti yake, Mary Everest, aliolewa mwaka 1855 na George Boole, yule wa hesabu za kweli na si kweli ambazo kompyuta zote zinatumia. Boole alikufa 1864 akamwachia mabinti watano. Alicia hakupitia chuo kikuu, lakini alichora na kutengeneza kwa kadibodi vipande vya maumbo ya vipimo vinne ambavyo maprofesa walikuja kuvitumia. Lucy alikuwa mkemia. Ethel Lilian akawa mwandishi wa riwaya na kuolewa na Voynich, muuza vitabu ambaye jina lake limebaki kwenye ule muswada usiosomeka. Margaret alimzaa G. I. Taylor, bingwa wa fizikia ya vimiminika. Mary Ellen aliolewa na Charles Howard Hinton, na huko ndiko anakotoka Geoffrey Everest Hinton, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2024. Jina la Everest liko katikati ya jina lake, lakini kwa Sir George yeye ni wa ubavuni, si wa mgongoni.

Kuna jambo moja katika ukoo huu linahusu mada. Mary Boole aliandika mwaka 1901 kwamba ami yake George alirudi kutoka India na fikra alizofundishwa na Mbrahmani, na kwamba fikra hizo zilimfikia mumewe. Ushahidi wake ni mwembamba, mimi siwezi kuuegemea. Hata hivyo ni mwanafamilia anayekiri deni, jambo ambalo ofisi ya upimaji ilishindwa kulifanya kwa Sikdar.

Mzee Kibuyu

Marahaba. Basi jina limekwenda mbali bila huo mlima.

Mchanga wa Pwani

Turudi kwenye mlima. Timazi, barua ya Waugh ya 1 Machi 1856 unaijua. Ndani yake anakiri kwamba mkuu wake, Everest, alimfundisha kukipa kila kitu cha kijiografia jina lake la wenyeji. Halafu anasema mlima huu hakupata jina la wenyeji, basi ampe mkuu huyohuyo. Brian Hodgson, aliyeishi Kathmandu miaka mingi, akajibu mara moja kwamba jina lipo, Devadhunga. Na Everest mwenyewe, 1857, mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, alisema jina lake halifai kwa kuwa wenyeji wa India hawawezi kulitamka na haliandikiki kwa Kiajemi wala Kihindi. Chama kikalipitisha rasmi 1865, yeye akiwa hai. Ramani ya Mfaransa D'Anville iliyochapishwa Paris mwaka 1733 ilikuwa tayari na Chomolungma kwa tahajia ya Kifaransa. Miaka zaidi ya 120 kabla! Mwenye jina hakutaka, wenyeji walikuwa na lao, mwanafunzi akavunja sheria ya mwalimu ili amsifu mwalimu. Unatetea nini hapo?

Timazi

Natetea ugumu wa kazi ya majina. Devadhunga ya Hodgson haikuwahi kuthibitika kuwa ni kilele hikihiki. Ndugu wa Schlagintweit, Wajerumani, wakasema jina la wenyeji ni Gaurisankar, na ramani nyingi za Ulaya zikaliandika kwa nusu karne. Mwaka 1903 kapteni wa jeshi Henry Wood alipanda milima karibu na Kathmandu, akaonyesha kwamba Gaurisankar ni mlima mwingine kabisa, kama maili 36 kutoka Everest. Kwa hiyo wangefuata ushauri wa "tumia jina la wenyeji" kwa pupa, wangeupa mlima jina la jirani yake. Ukiwa maili 108, kijiji unachokiuliza hakikioni kilele unachokiona wewe, na kinachokiona kiko nchi uliyokatazwa kuingia. Na Sagarmatha unayoitaja, aliyeieneza ni mwanahistoria Baburam Acharya katika karne ya 20. Si jina ambalo Waugh angelisikia. Chomolungma, sawa, hiyo nakubali ilikuwepo na ilikuwa kwenye karatasi.

Ndoto ya Kibo

Naingia kwa mguu mmoja. Mnautumia Uhuru kama mfano wa kufuta, lakini pandeni mlima huohuo: Gillman's Point bado ipo, Stella Point ipo, barafu ya Rebmann ipo. Tulibadilisha kilele tu. Mlima Kenya ni kinyume: Batian, Nelion na Lenana ni majina ya Wamaasai, lakini aliyeyaweka ni Mwingereza Mackinder mwaka 1899. Ni ya wenyeji au ya kikoloni? Ziwa Rudolf likawa Turkana 1975 na watu wakazoea. Ziwa Victoria limebaki Victoria, na nchi tatu zinazolizunguka zina serikali huru zenye uwezo wa kukaa meza moja. Tunaanzaje kuwafundisha Wanepali?

Australia walifanya hivi: mwaka 1993 mwamba ukawa na majina mawili rasmi, Ayers Rock / Uluru, 2002 mpangilio ukageuzwa, Uluru ikatangulia. Kwa vitabu vyetu natosheka na hilo: Chomolungma, Sagarmatha, kisha Everest.

Mchanga wa Pwani

Naafiki mpangilio huo kwa vitabu, kama hatua, si kama mwisho. La Ziwa Victoria fungua mjadala wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Timazi

Kabla hamjalifuta jina lote, kuna sehemu mbili ambazo Everest alizifanya mwenyewe na Afrika imo.

Mwaka 1820 malaria ilimtupa Rasi ya Tumaini Jema kupumzika. Pale alikwenda kukagua kipimo cha mnajimu Mfaransa Lacaille cha 1752, kilichokuwa kimewachanganya wataalamu kwa kuonyesha dunia ina umbo kama tunda la pea. Everest alitembelea vituo na kuona tatizo: kuna milima mikubwa karibu navyo, Table Mountain upande mmoja na Piketberg upande mwingine. Mlima una uzito, unaivuta timazi (uzi wenye uzito wa kuonyesha wima) pembeni, na latitudo inayopimwa kwa nyota inaharibika. Mnajimu Maclear wa Rasi alirudia kipimo miaka ya 1840 na kuthibitisha. Baadaye tatizo hilohilo likamrudia Everest India: kati ya vituo vya Kaliana na Kalianpur, latitudo za nyota na za pembetatu zilitofautiana sekunde 5.236, yaani mita 160 hivi ardhini. Mwanahesabu Pratt alipokokotoa mvuto wa Himalaya mwaka 1855 alipata tofauti ilipaswa kuwa karibu sekunde 16, mara tatu. Mnajimu Airy wa Uingereza akaeleza kwamba milima ina mizizi myepesi inayoelea chini yake. Jiolojia nzima ya "mizizi ya milima" ilianza kwenye hizo sekunde.

La pili ni umbo la dunia alilolitoa 1830, nusu kipenyo cha ikweta mita 6,377,276, ambalo bado limo kwenye kumbukumbu za ardhi za India na Malaysia. Vijana wa GPS, msilichague kwa kuwa mmeona jina maarufu kwenye orodha. Ramani za Kenya, Uganda na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa marejeo ya ramani unaotokana na tao la Afrika la longitudo 30 lililokamilika 1954 na unaotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Kuhamisha Arc 1960 kwenda WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, thamani za wastani ni mita -160, -6 na -302 kwa X, Y na Z. Ukisahau kuhamisha, kiwanja kinasogea kama mita 300 kaskazini au kusini, na hapo kesi ya mpaka inakusubiri.

Mchanga wa Pwani

Hilo umbo la dunia alikokotoa mwenyewe, liitwe Everest mpaka kiyama, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mlima.